Safari imekaribia, viza bado: siku zinaishia wapi na zipi unaweza kuziokoa

Kila mwaka ikifika Januari, ofisi za utalii za Arusha, Moshi na Zanzibar huanza kuhangaikia Berlin. Maonyesho ya utalii ya ITB, yaliyoanza huko mwaka 1966, huangukia mwanzoni mwa Machi, na mwenye kampuni ndogo ya kupeleka wageni Serengeti anajua kuwa biashara ya msimu mzima inaweza kufungwa katika siku hizo chache. Shida ni kwamba uhakika wa kwenda mara nyingi huja kwa kuchelewa. Nafasi kwenye banda la pamoja imepatikana dakika za mwisho, mshirika wa Ujerumani ametuma mwaliko wiki hii, fedha ya tiketi imeingia juzi. Zimebaki wiki nne, na swali la kwanza linaloulizwa ni: viza inachukua siku ngapi?

Ukiwauliza watu watano utapata majibu matano, na huenda wote wanasema kweli. Mmoja anahesabu tangu siku aliyopeleka pasipoti, mwingine tangu siku alipoanza kutafuta miadi, wa tatu tangu siku alipopata barua ya mwaliko. Siku za viza huliwa sehemu tatu tofauti: kwenye kukusanya nyaraka, kwenye foleni ya miadi, na kwenye uamuzi wenyewe. Watu wengi huelekeza hofu yao yote kwenye uamuzi, wakati huko ndiko mwombaji asikoweza kuongeza wala kupunguza chochote. Siku zinazookoleka ziko kwenye nyaraka na kwenye miadi. Nitatumia viza ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi 29 za Ulaya, kama mfano mkuu, kwa kuwa ndiyo inayowasumbua wengi wenye safari za ghafla, na kwa kuwa sheria yake imeandikwa wazi.

Sheria inasemaje

Nchi 29 za eneo la Schengen, kuanzia Ureno hadi Finland, zinafuata kanuni moja ya viza za muda mfupi, iliyopitishwa mwaka 2009 na kufanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika 2 Februari 2020. Kanuni hiyo inasema ombi linaweza kupelekwa mapema hadi miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida lisipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ubalozi nao unatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 15 tangu ombi lililokamilika lipokelewe. Wakiona kuna jambo la kuchunguza zaidi, wanaweza kufika hadi siku 45.

Siku hizo 15 ni za kalenda, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo ndani yake. Chukua ITB ya 2026, iliyopangwa 3 hadi 5 Machi. Tuseme mwaliko umefika Jumatatu tarehe 2 Februari na ndege ni Jumapili tarehe 1 Machi. Kwa mujibu wa kanuni, siku ya mwisho ya kazi ya kupeleka ombi ni Ijumaa tarehe 13 Februari. Lakini ukihesabu siku 15 kutoka hapo unaangukia Jumamosi tarehe 28, ubalozi umefungwa, na kesho yake ndege inaondoka. Umefuata sheria neno kwa neno na bado unaweza kukosa pasipoti mkononi. Mwenye hesabu nzuri angelenga kupeleka ombi Jumatatu tarehe 9, ili ukomo wa siku 15 uangukie Jumanne tarehe 24, na abaki na siku tatu za kazi za kuifuatilia pasipoti. Maana yake ana wiki moja tu ya kupata miadi na kukamilisha karatasi zote. Hesabu hii ifanyike siku ileile mwaliko unapofika, kwa kalenda iliyo wazi mezani.

Sikukuu nazo zihesabiwe pande zote mbili. Balozi nyingi hufunga kwa sikukuu za nchi mwenyeji na kwa baadhi ya zile za kwao. Atakayepeleka ombi lake la Ufaransa mwanzoni mwa Julai atakutana na Saba Saba, kisha wiki moja baadaye tarehe 14 Julai, ambayo ni sikukuu ya taifa ya Wafaransa. Msimu wenyewe ni wa likizo za Ulaya, wakati foleni imeshajaa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kwa viza ya Schengen hakuna ada ya kuharakisha uamuzi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu 11 Juni 2024, na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Ukipitia kituo cha kupokea maombi kilichopewa kazi na ubalozi, kuna ada yao ya huduma pia, ambayo kwa kawaida haitakiwi kuzidi nusu ya ada ya viza. Vituo hivyo huuza na huduma za ziada: chumba cha kusubiria chenye utulivu, kujaziwa fomu, kuletewa pasipoti nyumbani. Huduma hizo zinaweza kukupunguzia usumbufu, lakini anayeamua ni afisa wa ubalozi, na yeye haoni kama ulikaa kwenye kochi au kwenye benchi.

Uingereza wana utaratibu wao. Huko haraka inauzwa waziwazi. Uamuzi wa kawaida wa viza ya matembezi huchukua kama wiki tatu. Ukilipa pauni 500 za ziada unapata uamuzi ndani ya siku 5 za kazi, na kwa pauni 1,000, pale huduma hiyo inapotolewa, uamuzi hutoka mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Siku hizo huanza kuhesabiwa baada ya kutoa alama za vidole, wala si baada ya kulipa. Fedha hiyo hununua kasi ya kusomwa kwa ombi, hainunui kukubaliwa. Ombi lenye kasoro litakataliwa kwa haraka zaidi, na pauni 500 hazirudi.

India nayo ina njia fupi kwa wagonjwa, jambo ambalo familia nyingi za Tanzania na Kenya zinalihitaji usiku wa manane daktari anaposema mgonjwa apelekwe Chennai au Delhi. Kuna viza ya matibabu inayoombwa mtandaoni bila kwenda ubalozini, na wasindikizaji wasiozidi wawili wanaweza kuomba ya kwao sambamba na mgonjwa. Ombi linatakiwa kutumwa angalau siku 4 kabla ya kufika. Kinachohitajika zaidi ni barua ya hospitali ya India yenye nembo yake, pasipoti yenye uhai wa miezi 6 na kadi ya kulipia mtandaoni. Hapa kuna mtego: ukitafuta kwa haraka kwenye simu, tovuti za kwanza kutokea mara nyingi ni za madalali waliojipamba kwa bendera na nembo. Tovuti ya serikali ya India huishia na gov.in. Ukiwa na mgonjwa kitandani ni rahisi kulipa kwanza na kusoma baadaye, kwa hiyo mpe kazi hiyo mtu wa familia ambaye akili yake imetulia.

Marekani nayo: tangazo la Rais Trump la Desemba 2025 liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake walisitishiwa viza za matembezi na za masomo kuanzia 1 Januari 2026. Kwa mwombaji aliyeguswa na zuio la namna hiyo, miadi ya haraka haifungui mlango, na asilipe ada kabla ya kusoma masharti ya siku hiyo. Kwa wengine, mfano Mkenya, utaratibu wa dharura una mpangilio wake: jaza fomu, lipa ada ya dola 185, shika kwanza miadi yoyote ya kawaida hata kama ni ya mbali, ndipo uombe isogezwe mbele. Matibabu na msiba wa ndugu wa karibu husikilizwa. Harusi na mahafali kwa kawaida hapana.

Karatasi zenye muda wake

Turudi Ulaya. Ukiwa na wiki tatu au nne, kinachoweza kukuangusha ni karatasi moja ambayo haiko mikononi mwako na ambayo hukujua kuwa ina foleni yake. Barua ya mwenyeji ndiyo ya kwanza. Kama unakwenda kwa biashara, barua ya kampuni inatosha na inaweza kutumwa kwa barua pepe siku ileile. Lakini kama unakwenda kukaa kwa ndugu, hali inabadilika. Ufaransa inataka hati ya mapokezi ambayo mwenyeji wako anaichukua kwenye ofisi ya meya wa anakoishi, analipia stempu ya yuro 30, na wewe unahitaji ile asilia, kwa hiyo lazima isafirishwe hadi Dar es Salaam. Ujerumani, kama mwenyeji ndiye anayebeba gharama zako, ina hati ya kujifunga ambayo anaitia saini mbele ya ofisi ya wageni ya mji wake, baada ya kuonyesha mshahara wake. Uholanzi na Ubelgiji nazo zina fomu zao za dhamana zinazopitia manispaa. Katika miji mikubwa, kupata miadi ya ofisi hizo kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko viza yenyewe. Dada yako wa Hamburg akisema "njoo tu, nitakuandikia barua", muulize siku hiyohiyo ameshapata miadi ya lini.

Kama muda hautoshi, kuna njia halali ya kuipita foleni hiyo: omba ukiwa unajigharamia mwenyewe na ulale hotelini, ikiwa kweli una uwezo huo na ndicho utakachofanya. Hoteli nyingi hukubali kuhifadhiwa nafasi inayoweza kufutwa. Tiketi hali kadhalika: kinachohitajika ni uthibitisho wa nafasi, na balozi zenyewe hushauri watu wasinunue tiketi isiyorudishika kabla ya viza kutoka.

Taarifa ya benki ni suala la pili, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo wafanyabiashara wetu wanapoumia bila sababu. Afisa anataka kuona miezi mitatu, wakati mwingine sita. Anachokisoma ni mwenendo: mshahara unaingia lini, biashara inazungusha kiasi gani, matumizi yanafanana na maisha uliyoyaeleza kwenye fomu? Salio la mwisho peke yake halimwambii mengi. Mtu aliyekuwa na laki tatu kwa miezi miwili kisha zikaingia milioni 15 siku nne kabla ya miadi amejichongea mwenyewe, hata kama fedha hiyo ni halali kabisa, ya kiwanja alichouza. Akiambatisha mkataba wa mauzo ya kiwanja na sentensi mbili za maelezo, jambo limekwisha. Akinyamaza, afisa atadhani amekopeshwa na rafiki kwa ajili ya picha.

Mfanyabiashara wa Kariakoo ana tatizo la upande mwingine. Fedha yake inatembea kwenye simu na mkononi, benki inaona sehemu ndogo tu. Asiwasilishe benki peke yake. Achapishe taarifa ya miamala ya simu, aambatishe leseni ya biashara, cheti cha usajili cha BRELA, namba ya mlipakodi, risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) za miezi hiyo na makadirio ya kodi ya TRA. Mrundo huo unaeleza kitu ambacho salio haliwezi kueleza, kwamba kuna duka, lina wateja, na mwenye duka ana sababu ya kurudi. Kujua ombi linataka nini hasa kunasaidia hapa, kwani kundi kubwa la watu hukataliwa kwa kisanduku kimoja kwenye fomu ya majibu: mashaka juu ya nia ya kuondoka kabla viza haijaisha. Mkataba wa kazi, barua ya mwajiri inayotaja tarehe za likizo na tarehe ya kurudi kazini, hati ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki, vyote hivyo vinajibu swali hilo moja.

Majina ni suala la tatu. Pasipoti ina majina matatu, kitambulisho cha NIDA kimeandika kwa mpangilio mwingine, cheti cha ndoa kina herufi moja tofauti, na mwaliko umeandikwa majina mawili. Kila tofauti ni swali, na kila swali ni siku. Mwaliko unaweza kurekebishwa kwa barua pepe moja. Kwa vyeti, hati ya kiapo cha majina kwa wakili inapatikana siku hiyohiyo na inaokoa mengi.

Halafu pasipoti yenyewe. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Ukigundua kasoro hapa, nenda Uhamiaji leo, kabla hujagusa fomu yoyote ya viza, kwa sababu fomu inajazwa kwa namba ya pasipoti na ukibadilisha pasipoti katikati unaanza upya.

Bima ya safari iwe na ukomo usiopungua yuro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen na siku zote za safari. Hiyo inapatikana kwa saa chache, usiipe muda wako mwingi. Chanjo ya homa ya manjano ndiyo inayosahaulika na wenye safari za nchi nyingine, hasa India kwa wanaotokea Kenya, Uganda, Burundi au Kongo: cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Viza inaweza kutoka kwa siku tatu na chanjo ikakuzuia. Chanjo ikishachomwa, tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, kwa hiyo mtu anayesafiri mara kwa mara aichome hata kama hana safari mbele yake.

Miadi, na wanaoiuza

Kanuni inasema miadi, kwa kawaida, ipatikane ndani ya wiki mbili tangu ilipoombwa. Uhalisia wa msimu wa Juni hadi Agosti ni mwingine, na kalenda ya mtandaoni inaweza kuonyesha siku zote zimejaa. Nafasi hata hivyo hurudi: watu hufuta, wengine hukosea na kuhamisha tarehe, na balozi huongeza siku. Anayetazama asubuhi na jioni kila siku ana uwezekano mkubwa kuliko aliyetazama mara moja akakata tamaa. Shika miadi kwanza, hata kabla nyaraka hazijatimia, kisha kimbizana na karatasi. Wengi hufanya kinyume, wanakusanya kila kitu hadi kikamilike ndipo wanafungua kalenda na kukuta wiki tatu mbele.

Hapo ndipo vishoka wanapoingia. Watakuambia wana mtu wao ndani, wana nafasi za akiba, lete laki mbili. Kinachofanyika mara nyingi ni kwamba wameshika nafasi nyingi kwa majina ya kubuni, na wanaziachia moja baada ya nyingine kwa anayelipa. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kutengeneza taarifa za benki au barua za mwajiri. Nasema kwa uzito wote: karatasi moja ya kughushi inaweza kukufungia milango ya nchi zote 29, kwa sababu kumbukumbu za maombi huwekwa kwenye mfumo wa pamoja kwa miaka 5, na afisa wa Roma anaona kilichoandikwa na afisa wa Paris. Kishoka hatakuwepo wakati huo. Wakala halali wa safari ni kitu kingine. Ana ofisi, ana leseni, anakujazia fomu na kukagua karatasi, na anakuambia wazi kwamba hana uwezo juu ya uamuzi.

Kwa waliowahi kupata viza ya Schengen, kuna nafuu ambayo haisemwi vya kutosha. Alama za vidole hutumika tena kwa miezi 59. Kama ulizitoa ndani ya muda huo, ubalozi unaweza kukuruhusu kuwasilisha ombi bila kufika mwenyewe. Mtu wa Mwanza au Unguja anaokoa nauli ya kwenda Dar es Salaam, na wakati mwingine anapata njia ya kuwasilisha isiyopitia foleni ya wale wapya. Andika barua pepe uulize, ukitaja namba ya viza iliyopita.

Kuna pia kishawishi cha kuomba kwenye ubalozi wenye nafasi badala ya nchi unayokwenda. Kanuni hapa haina utata: ombi linapelekwa kwa nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari, kwa sababu ya shughuli au kwa wingi wa siku, kama siku zinalingana, basi nchi ya kwanza kuingia. Anayeomba kwa Italia huku shughuli yake yote iko Berlin anaweza kunyimwa, au viza ikafutwa mpakani. Ila safari yenye nchi kadhaa ina nafasi ya kupangwa kihalali. Kama una wateja Milano na Munich, na ni kweli unaweza kutumia siku tano Milano na tatu Munich, basi Italia ndiyo lengo lako, na hakuna aliyedanganywa.

Ubalozi wenyewe nao una mipaka yake. Baadhi ya nchi hazitoi uamuzi Dar es Salaam. Maombi na pasipoti husafirishwa hadi ofisi ya kanda, mfano Nairobi, na siku za usafirishaji huongezeka juu ya zile 15. Kuliuliza hili siku ya kwanza kunaweza kukufanya ubadili tarehe ya ndege kabla hujalipa.

Dharura ya kweli

Kanuni ina mlango wa dharura, na watu wachache wanaujua. Kwa sababu za msingi za haraka, ubalozi unaweza kupokea ombi hata zikiwa zimebaki chini ya siku 15, na unaweza kumpa mtu miadi papo hapo au kumpokea bila miadi. Kinachotazamwa ni kama haraka hiyo isingeweza kujulikana mapema. Baba amefariki Brussels jana: ndiyo. Mtoto aliyeko chuoni Ujerumani amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi: ndiyo. Mkutano uliotangazwa tangu mwaka jana ila wewe umechelewa kuamua: ni vigumu.

Ombi la dharura liwe fupi. Afisa anasoma mengi, na hadithi ndefu ya majonzi inaficha kile anachokitafuta. Kichwa cha barua pepe kitaje neno dharura, sababu na tarehe ya safari. Ndani, aya ya kwanza: nani, uhusiano gani na mgonjwa au marehemu, tukio lilitokea lini, unahitaji kufika lini. Aya ya pili: nyaraka ulizonazo tayari na utayari wa kufika saa yoyote watakayokuita. Ambatisha uthibitisho wenye simu inayopokelewa: barua ya hospitali, cheti cha kifo, barua ya chuo. Na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha undugu, maana "kaka" kwetu anaweza kuwa mtoto wa baba mdogo na afisa hatalijua hilo bila kuelezwa. Barua iandikwe na mhusika mwenyewe. Kama mwaliko umetoka kwa shirika au chuo, nao waandike yao kwa ubalozi moja kwa moja.

Mke, mume au mtoto wa raia wa Umoja wa Ulaya anayesafiri naye au kumfuata katika nchi isiyo ya uraia wake ana haki zaidi: viza bila ada, kwa utaratibu wa haraka. Kama ndoa yako ni ya namna hiyo, liseme mapema kwenye fomu na uambatishe cheti cha ndoa.

Dharura pia huathiriwa na njia ya ndege. Msafiri anayebadilisha ndege London, hata bila kutoka uwanjani, anahitaji viza ya kupita kama ana pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, isipokuwa ana ruhusa fulani inayomwondolea sharti hilo. Mkongomani anayebadilisha ndege Paris au Brussels kuelekea nje ya Schengen naye anahitaji viza ya kupita uwanjani. Ukiwa na siku tano za kuokoa, kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul kunakuondolea ombi zima la pili.

Baada ya kupeleka

Pasipoti ikiwa ubalozini, acha kupiga simu kila siku. Kinachosaidia ni kuwa na simu iliyo wazi na barua pepe unayoifungua, kwa sababu wakiomba karatasi ya nyongeza wanatoa siku chache, na anayejibu siku hiyohiyo ndiye anayebaki ndani ya siku 15. Mwambie pia mwajiri wako na mwenyeji wako kuwa wanaweza kupigiwa simu. Mwajiri akijibu "huyo simjui vizuri, ngoja niulize" ameshakugharimu.

Likija jibu la kukataliwa na tarehe bado inaruhusu, soma sababu iliyowekewa alama. Rufaa ni haki yako, na kila nchi ina utaratibu wake, lakini rufaa haina kasi. Mwenye safari iliyokaribia mara nyingi hufika haraka zaidi kwa kuomba upya akiwa amejibu ile sababu moja kwa karatasi aliyokosa mwanzo, na akilipa ada tena. Kanuni inasema wazi kuwa kukataliwa huko nyuma si sababu ya kukataliwa moja kwa moja safari hii. Kulificha ndilo kosa, na kwenye mfumo linaonekana.

Viza ikitoka, isome kabla hujaondoka kaunta. Jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuanza na ya kuisha, idadi ya siku na idadi ya kuingia. Viza ya kuingia mara moja kwa mtu anayepanga kwenda Berlin, kisha London, kisha Amsterdam itamkwamisha akirudi kutoka London, na kosa la tarehe hurekebishwa kirahisi zaidi ukiwa umesimama pale pale. Nyaraka zako zote ziende nawe kwenye mkoba wa mkononi, kwani afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza tena hoteli, bima na fedha.

Na kwa anayekwenda Ulaya mara kwa mara, mwenye ITB kila Machi, haraka inaondolewa kwa ngazi iliyowekwa na kanuni yenyewe. Aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili iliyotangulia hupewa viza ya kuingia mara nyingi ya mwaka 1, mradi anatimiza masharti. Aliyetumia hiyo vizuri hupanda kwenye ya miaka 2, kisha ya miaka 5. Viza hizo hazitolewi kwa kubahatisha. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuchagua idadi ya kuingia. Weka alama ya mara nyingi, na uambatishe nakala za viza zako za nyuma pamoja na mihuri ya kuingia na kutoka.